Jumatano Iliyokosekana

Vijana wawili wa kwetu, wanaotaka kuanzisha tuzo za filamu huko nyumbani, waliniandikia mwezi uliopita. Wanataka niwaeleze kazi ya ofisi ya uteuzi inavyokwenda, maana miongozo yote waliyoipata ni ya Kizungu na imeandikwa na mawakili. Nimestaafu majuzi tu, chai yangu ya asubuhi sasa naimaliza nikiwa nimekaa, kwa hiyo sina kisingizio. Ila nawaonya mapema kwamba mimi si mtu wa miongozo. Nitawaandikia nilivyoikuta kazi, nani alinifundisha, na kesi moja ambayo hadi leo sijui kama niliiendesha sawasawa. Vyeo na mishahara naviacha, havikuwa vikubwa vya kusimuliwa.

Majina ya watu nimeyabadilisha, isipokuwa la mama yangu. Ofisi siitaji. Wenyewe wakisoma watajijua, na wakitaka kunishtaki, nyumba yangu ya Woolwich, London, wanaijua, ndiko walikoniletea maua nilipoaga.

Nililetwa pale na wakala wa makarani wa muda, kwa wiki mbili. Wazee wangu walikuwa wamekimbia Unguja nikiwa mtoto, nimekulia London, nimesomea upigaji taipu, basi. Wakala aliponiambia ni ofisi ya tuzo kubwa za filamu, nilikesha napiga pasi. Nilivaa kama naendea harusi, viatu vya visigino, nikidhani nitapishana na waigizaji kwenye ngazi. Nikapelekwa chumba cha chini ya ardhi, hakina hata dirisha. Kulikuwa na magunia matatu ya barua, meza ndefu, na mama mmoja wa Kihindi aliyevaa sweta juu ya sari. Aliniangalia miguuni kabla ya usoni.

Alikuwa Bi Nirmala, mzaliwa wa Kisumu. Alipolisoma jina langu kwenye karatasi ya wakala, Rukia, akabadili lugha papo hapo.

"Wewe mtu ya wapi? Unguja? Basi kesho lete viatu ya chini. Hapa hapana harusi. Hapa sisi nafanya kazi ya kusimama."

Kiswahili chake kilikuwa cha duka la baba yake, nami changu cha jikoni kwa mama, tukaelewana vizuri sana. Yeye alikaa Stanmore na kila Jumapili alikwenda hekaluni Neasden. Mimi nilikuwa Woolwich na Ijumaa nikiomba ruhusa ya saa moja. Tulizungumza Kiswahili chumbani mle miaka na miaka, na wakubwa wa juu hawakuwahi kuuliza tunasema nini. Kwa ofisi ya siri, ilikuwa baraka.

Kwa asiyejua, kazi ilikuwa hivi. Filamu inaletwa pamoja na fomu. Wanachama, ambao ni watu wa filamu wenyewe, wanapiga kura mara ya kwanza inapatikana orodha ndefu, wanapiga tena wanapatikana watano kwa kila kipengele. Hao watano ndio wanaotangazwa asubuhi moja mbele ya waandishi wa habari, na wiki kadhaa baadaye mmoja wao anachukua sanamu. Watu hudhani ofisi ndiyo inayochagua. Ofisi haichagui kitu. Ofisi inaangalia kama aliyechaguliwa ana haki ya kuwepo: filamu ilioneshwa lini, wapi, mbele ya nani, nani aliifanya kweli, na nani amejiandikisha tu kwa sababu ni mume wa mtayarishaji.

"Sisi hapana penda filamu," Bi Nirmala aliniambia siku ya kwanza. "Sisi napenda karatasi. Wewe ukianza kupenda filamu, macho yako naharibika."

Zana zake zilikuwa tatu. Kofia ya mpira ya kidole, ya kufunulia karatasi bila kulamba kidole, maana aliona kulamba kidole ni uchafu na uvivu. Penseli nyekundu, kwa sababu kalamu haisamehe. Na rula ya chuma, ambayo aliilaza chini ya kila mstari ili jicho lisiruke. Alinifundisha kusoma fomu kuanzia chini kwenda juu. Kwanza sahihi, kisha tarehe, kisha mahali, na jina la filamu mwisho kabisa. Ukianza na jina, alisema, tayari umeshaanza kuiombea dua. Miaka mingi baadaye, kompyuta zilipoingia, niliendelea kuilaza rula kwenye kioo. Vijana wa ofisini walicheka mpaka siku rula ilipokamata filamu moja iliyoingizwa mara mbili, ndipo mmoja wao akaniuliza rula kama ile inauzwa wapi.

Masharti yake mengine nawaandikia kwa sababu yatawafaa. Usitaje jina la filamu kwenye lifti. Ukitaka karatasi kutoka kwa wenye sinema, omba za filamu zote za orodha ndefu kwa pamoja, hata zile ambazo huzihitaji, asije mtu akajua ipi imepita. Usipige simu kamwe, andika barua. "Barua nasema ile umeandika tu," alisema. "Simu iko na sauti." Na ukimjua mtu yeyote aliyemo, sema kabla hujaulizwa.

Kesi za kuchekesha zilikuwa nyingi. Kulikuwa na mzee mmoja mwigizaji aliyejipigia kura katika kila kipengele, pamoja na kile cha mwigizaji bora wa kike. Tulimwandikia barua ya adabu. Akajibu kwamba alikuwa amezitazama kazi za wenzake wote na dhamiri yake haikumruhusu vinginevyo. Kulikuwa na wakala aliyetutumia maua kwanza na matusi baadaye, kwa sababu mteja wake aliwekwa kwa waigizaji wasaidizi naye anajiona ndiye nguzo ya filamu. Nilikaa na saa ya mkononi nikahesabu dakika alizoonekana. Sisemi zilikuwa ngapi, ila maji ya chai hayakuwahi kuchemka.

Nyingine hazikuchekesha. Mtunzi mmoja wa muziki alifariki kati ya kura na tangazo, na mkewe akapiga simu kuuliza kama jina la marehemu litafutwa. Bi Nirmala, aliyekataza simu, alizungumza naye karibu saa nzima, akisema maneno machache tu. Jina halikufutwa. Alipoweka simu chini alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari, akaniambia niendelee na ukurasa wangu.

Alistaafu kabla yangu kwa miaka mingi, nikabaki mimi ndiye mkongwe. Tulihamishwa kutoka chini tukapewa ghorofa yenye madirisha, magunia ya barua yakaisha, kura zikawa za mtandaoni, zikihesabiwa na kampuni ya nje. Bahasha ya matokeo ilitufikia siku nne kabla ya tangazo, na watu wanne tu ndio walioruhusiwa kuifungua. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mkuu wangu wakati huo alikuwa Helen, Mwingereza, mwanamke mwenye haki ambaye hakupenda makelele. Sasa naingia kwenye kesi yenyewe.

Mama yangu, Bi Mize binti Haji, alifariki Jumanne alasiri katika hospitali, miaka minne iliyopita. Alikuwa mtu wa watu. Nusu ya watoto wa Kizanzibari waliozaliwa Woolwich aliwafundisha alifu kwa kijiti chumbani kwake, na mama zao aliwafundisha kupanda basi. Karatasi za ruhusa ya kuzika tulizipata haraka kuliko tulivyotegemea, akazikwa Jumatano baada ya adhuhuri. Nakumbuka siku ile vipande vipande. Nyumba yangu ni ndogo, wanawake walijaa hadi kwenye ngazi, wanaume wakakaa nje kwenye viti ambavyo sikujua vimetoka wapi. Jikoni alikuwepo Bi Chumu, jirani yetu wa Kipemba, na binti yake Salha kakunja mikono ya gauni anaosha sahani tangu asubuhi hadi jioni. Mimi sikulia. Kila nilipotaka kulia aliingia mtu wa kupokewa.

Salha alikuwa na miaka thelathini hivi. Alikuwa ameshatengeneza filamu yake ya kwanza, kuhusu wanawake wanaohudumia wazee wa watu majumbani huku wazee wao wenyewe wako mbali. Ilimchukua miaka sita, na waigizaji wake wengi walikuwa majirani. Nilijua filamu ipo. Nilijua pia kwamba inaoneshwa wiki hizo kwenye sinema ndogo ya Suleiman, kijana wetu mwengine, juu ya maduka karibu na soko. Sikwenda kuitazama, kwa lile la kupenda na kuharibika macho, na pia nilikuwa hospitalini.

Miezi ikapita. Fomu ya filamu ya Salha ikaja mezani, kipengele cha mwongozaji anayeanza. Nikamwambia Helen kwamba namjua binti na mama yake. Helen akaandika kwenye daftari, akasema katika London yangu hakuna nisiyemjua, na kwamba mwingine ataisoma fomu ile. Ikasomwa. Masharti yalitaka filamu iwe imeoneshwa kwa watu wote siku saba mfululizo katika sinema moja. Suleiman alikuwa ametia sahihi: siku saba. Ikapita.

Ilipofika bahasha, siku nne kabla ya tangazo, nikafungua na wenzangu wawili. Katika kipengele cha mwongozaji anayeanza kulikuwa na majina matano, na la nne lilikuwa la Salha. Sikubadilika uso, nilikuwa na mazoezi ya miaka mingi. Lakini moyoni nilipiga vigelegele. Mjue maana yake: mtu akitajwa miongoni mwa wale watano, hata asiposhinda, maisha yake yanabadilika. Wenye fedha wanapokea simu yake. Filamu ya pili inapatikana. Binti wa Bi Chumu, aliyeazima kamera na kupiga picha kwenye ukumbi wa jirani, alikuwa amefika.

Utaratibu wetu ulikuwa kuangalia mara ya mwisho ripoti za sinema za siku kwa siku, ambazo tulikuwa tumeziomba mapema kwa filamu zote. Mwenzetu wa nne, aliyepaswa kusoma ya Salha, alikuwa amelala na homa kwake. Wengine wawili walikuwa na vipengele ishirini vya kumaliza. Ningeweza kusema nisubiri. Sikusema, nilikuwa na furaha na furaha haina subira. Nikachukua rula, nikaanza chini kwenda juu.

Ijumaa, iliyokuwa siku ya nane, imeoneshwa. Alhamisi, imeoneshwa. Jumatano, tupu. Pembeni Suleiman alikuwa ameandika kwa mkono, kwa Kiswahili, "Msiba." Na mbele ya ile Ijumaa ya mwisho ameandika, "Tumelipa."

Nilitazama tarehe ya ile Jumatano. Sikuhitaji kalenda. Ilikuwa siku niliyomzika mama yangu.

Hapo nikafanya kosa ambalo nilikatazwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilichukua simu nikampigia Suleiman.

"Sele, hii Jumatano mbona tupu?"

"Shikamoo, Bi Rukia. Si siku ya Bi Mize hiyo? Salha mwenyewe ndiye aliyekuja Jumanne usiku akanambia nifunge. Tungewasha sinema na maiti haijatoka nyumbani? Hata viti si nilivileta kwako?"

"Siku nzima mlifunga?"

"Siku nzima. Lakini hatukuila, tumeilipa Ijumaa. Mtu akikosa funga si anailipa? Jumla saba, mimi sikusema uongo."

"Masharti yanasema mfululizo, Sele."

"Mfululizo?" akarudia. "Kumbe yenu ni ya kafara. Mimi nilidhani ni ya kulipa Ramadhani."

Kwa ambaye hajafunga: siku za Ramadhani zilizokosekana unazilipa moja moja upendavyo, lakini funga ya kafara ukikatiza siku moja unaanza upya. Hakuna mwanasheria ambaye angelieleza jambo lile kwa maneno machache kuliko hayo. Suleiman alikuwa mwaminifu kabisa, alihesabu kama alivyofundishwa kuhesabu.

Nikamuuliza tena, na tena, kama hakukuwa na onyesho hata moja siku ile, hata la asubuhi. Hakukuwa. Mwisho akasema taratibu, "Bi Rukia, hiyo karatasi nani mwengine kaiona?"

"Mimi tu."

"Basi," akasema. Sikumuuliza maana yake.

Siku ya pili, Jumamosi, nilipanda treni hadi mwisho wa njia, Stanmore. Bi Nirmala alikuwa ameshapita miaka themanini, anatembea kwa fremu, na bado aliniangalia miguuni kabla ya usoni. Nilimweleza bila kutaja jina la filamu wala la mtu. Nilitegemea anikaripie kwa ile simu, kisha anielekeze. Mimi nilimwona kama msahafu wa kazi yetu. Alizungusha kikombe cha chai.

"Rukia, mimi moja nilificha," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Wewe ulikuwa kwa likizo, umezaa mtoto. Tarehe ilikuwa kosa. Siku mbili tu. Mimi nilitia karatasi kwa mkoba, nikaleta hapa nyumbani, nikachoma kwa jiko."

"Na filamu?"

"Ilishinda." Akanitazama. "Wewe nataka mimi niseme nilikosa. Mimi hapana jua. Yule kijana alifanya filamu mzuri sana baadaye. Mimi hapana tazama hata moja."

Nilirudi Woolwich nimekasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kunivunjia nguzo niliyoegemea miaka yote ile, kisha nikajikasirikia mimi, kwa kuwa nilikwenda Stanmore kutafuta mtu wa kunibebea mzigo. Usiku nililala na karatasi ile ndani ya mkoba, kitu ambacho pia ni marufuku.

Nawaeleza nilivyofikiri, msidhani nilikuwa malaika. Sheria haikunisumbua sana. Ile Jumatano haikumdhuru mtu yeyote. Kilichonisumbua ni kwamba nikinyamaza, Salha angepanda jukwaani akiwa amesimama juu ya siri yangu, naye hajui. Waandishi wa habari wa hapa hufukua kila kitu, na ripoti ile ilikuwa na nakala sinema. Siku ikifukuliwa, jina lake lingefutwa mbele ya dunia nzima, na wangesema amebebwa na shangazi yake wa ofisini. Kutotajwa kabisa ni afadhali kuliko kutajwa kisha kuvuliwa nguo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini liko na jingine, dogo na la aibu. Sikutaka msiba wa mama yangu uwe kitu cha kufichwa mkobani.

Jumatatu asubuhi nikaiweka karatasi mezani kwa Helen na nikamtafsiria yale maneno mawili.

Helen aliisoma mara mbili. Masharti yalikuwa na mlango mmoja: sinema ikifungwa kwa sababu iliyo nje ya uwezo wake, kama moto, mafuriko au umeme kukatika, siku ile husamehewa. Nikaona anautafuta mlango huo, Mungu amlipe.

"Marehemu alikuwa ndugu wa mwenye sinema?"

"Hapana."

"Wa mwongozaji?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini walifunga?"

"Alikuwa mama yangu," nikasema.

Akaweka kalamu chini. Alikuja kwenye maziko yale, alisimama nyuma na kitambaa kichwani, kwa hiyo aliikumbuka siku. Akanipa pole upya, kisha akaniambia, kwa upole, kwamba kwa kuwa jambo lenyewe linanigusa sitakiwi kuwa chumbani kamati ya masharti itakapokaa. Nilijua. Utaratibu huo niliuandika mimi.

Kamati ilikaa mchana. Mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta wa kioo, nikiona midomo inakwenda. Walichukua dakika arobaini, na kwa kamati ile hiyo ni huruma kubwa. Helen alipotoka aliniambia uamuzi kwa sentensi moja: sinema haikushindwa kuonesha siku ile, ilichagua kutoonesha.

Neno hilo ndilo lililonikaa kooni. Kuchagua. Ningekuwa chumbani ningewaambia kwamba kwetu hakuna aliyechagua. Mtu akifa mtaani, unafunga. Hukai kupima. Bi Chumu hakuchagua kuja jikoni kwangu, kama vile mtu hachagui kushtuka akisikia kishindo. Mafuriko yangekuwa na udhuru na Bi Mize hana? Lakini sikuwa chumbani, na ndani hakukuwa na mtu mwingine wa kuwaambia. Nililikubali lile agizo la kutoka upesi mno, kwa heshima na utaratibu, na hilo ndilo ninalolijutia kuliko karatasi. Ningeweza kuomba dakika tano za kueleza, kisha nikatoka. Nyinyi mnaoandika masharti yenu sasa, andikeni msiba pamoja na mafuriko.

Wa sita akapanda akawa wa tano. Barua ya kwenda kwa Salha niliichapa mimi, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu: filamu yako haikutimiza sharti la siku saba mfululizo, tunakushukuru. Barua za namna hiyo haziruhusiwi kusema kama mtu alikuwa amepita au la. Asubuhi ya Jumanne waigizaji wawili maarufu walisoma majina mbele ya kamera, nami nilisimama nyuma ya pazia nikifuatisha orodha kwa rula. Walipofika kipengele chake niliruka mstari.

Aliyechukua nafasi ile sasa yuko kwenye filamu yake ya tatu, na ni mzuri, simnyimi haki yake. Salha anahariri video za mafunzo za makampuni, jinsi ya kuinua boksi bila kuumiza mgongo. Filamu ya pili ameiandika, iko kwenye droo. Miaka yote hii amekuja kwangu kila Idi na sahani ya mama yake iliyofunikwa, ameketi, amekula, ameuliza habari za miguu yangu. Nami nilimtazama nikijua nisichoruhusiwa kumwambia.

Wiki niliyostaafu nilirudisha kitambulisho, nikarudisha funguo, nikatia sahihi karatasi kwamba siri za ofisi zitabaki siri. Jumamosi yake nikaenda kubisha kwa Bi Chumu. Mwenyewe alikuwa sokoni. Salha alinifungulia akiwa na spika za masikioni shingoni, akanikaribisha jikoni, akaweka maji. Nikamwambia kabla hayajachemka, nimesimama, mkoba mkononi.

"Salha, mwaka ule ulipita. Ulikuwa miongoni mwa watano. Mimi ndiye niliyeiona ile Jumatano na mimi ndiye niliyeipeleka."

Hakushtuka. Akazima jiko.

"Najua, Anti."

"Unajua nini?"

"Sele alinambia umempigia simu siku nne kabla. Alisema umemuuliza mara tatu jambo moja, na sauti yako ilikuwa kama unalia. Nobody asks three times about a film that's out. Filamu iliyoanguka haiulizwi hivyo. Nikajua nimepita. Halafu ikaja barua."

Miaka yote hiyo. Zile Idi zote. Nikamuuliza, na sauti ilitoka kwa ukali nisioukusudia, kwa nini hakuniambia kitu, kwa nini hakunikasirikia.

"Nilikasirika. Nililia mwezi mzima," akasema. "Lakini nije kukwambia nini? Kwamba ningeionesha? Nisingeionesha, Anti. Hata ningejua sharti, nisingeionesha." Kwa kawaida Salha, kama watoto wote waliozaliwa hapa, ukimsemesha Kiswahili hukujibu Kizungu. Maneno haya ya mwisho aliyasema kwa Kiswahili kitupu, polepole, kama anayechagua dagaa. "Filamu inaoneshwa siku yoyote. Bibi alizikwa Jumatano."

Nikavuta kiti nikakaa. Nilitaka kumwambia kuhusu kamati, na neno lao lile, na kwamba yeye peke yake ndiye angewajibu. Sikuweza. Kilikuja kilio kutoka mahali ambapo sikujua nimekiweka, nikamlilia mama yangu kwa sauti jikoni kwa Bi Chumu, miaka minne baada ya kumzika, na Salha akasimama nyuma ya kiti akinishika mabega hadi nilipomaliza.